Ted Williams: Fundi wa kupiga aliyejua mpira wa kuacha

Kwenye soka, straika ni mtu mkubwa. Ndiye anayeimbwa jukwaani, na timu ikikosa straika wa maana mashabiki hawalali. Kwenye besiboli kuna neno linalokaribiana na hilo, straiki, lakini lenyewe ni balaa kwa mpigaji. Zikifika tatu amekwisha, anarudi benchi kichwa chini.

Huu mchezo kwetu bado mgeni. Pita Katesh, Bassotu, Dongobesh au Haydom jioni, mpira utakaoukuta uwanjani ni wa miguu. Na ukitoka kwenye soka, sifa ya watu wa Mbulu na Hanang ni mbio. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu, na mpaka leo dunia inamtaja.

Lakini besiboli nayo inakuja taratibu. Dar es Salaam ilianza kuchezwa kwenye shule za sekondari za Azania na Kibasila baada ya Mjapani Shinya Tomonari kuuleta mchezo huo kwa vijana kuanzia 2012. Kwa jirani zetu Uganda mambo yamekwenda mbali zaidi. Watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, na mechi moja wakashinda.

Popote mchezo huo unapoanza, kijana anakwama sehemu ileile. Siyo kukimbia, siyo kurusha, siyo hata kupiga. Anakwama kwenye eneo la straiki. Hajui mpira upi ni wake na upi auache upite.

Duniani alipata kuishi mtu mmoja aliyelijua eneo hilo kuliko wapigaji karibu wote. Jina lake Ted Williams. Alifariki mwaka 2002, lakini ukitaka kumfundisha mtoto besiboli leo, maisha yake ni darasa tosha.

GOLI LISILO NA MILINGOTI

Kwanza tuelewane kuhusu hilo eneo lenyewe, maana bila hilo huwezi kumwelewa huyu mwamba.

Goli la soka lina milingoti miwili, lina mtambaa panya na lina wavu. Upana wake mita 7.32, kimo mita 2.44. Kila mtu analiona. Eneo la straiki nalo ni goli, ila halina mlingoti, halina mtambaa panya, na wavu hakuna.

Chini kuna bamba jeupe lenye upana wa sentimita 43. Huo ndio upana wa goli. Kimo chake kinapimwa kwa mwili wa mpigaji mwenyewe: kuanzia chini kidogo ya goti mpaka nusu ya safari kati ya mabega na mkanda wa suruali. Mpira ukipita hewani juu ya bamba, ndani ya vipimo hivyo, ni straiki hata kama mpigaji hakuinua mkono. Ukigusa ukingo tu wa eneo, umehesabika.

Mrushaji anasimama kwenye kichuguu umbali wa mita 18.44. Boksi la penalti la soka lina mita 16.5 kutoka mstari wa goli, kwa hiyo mfikirie mtu aliyesimama karibu mita mbili nje ya boksi, anakutupia mpira mdogo, mgumu. Kwa warushaji wa ligi kuu ya Marekani, unafika ndani ya nusu sekunde au pungufu.

Mpigaji akikata rungu akakosa, ni straiki, hata kama mpira ulikuwa unakwenda kwa mama ntilie. Akiuacha ukapita nje ya eneo, inahesabiwa boli. Boli nne zikitimia, anatembea mpaka besi ya kwanza bure, hakuna wa kumgusa.

Hapo ndipo akili inapoingia. Ukiuacha mpira mbaya, umepata faida. Ukiufuata, umemfanyia kazi mpinzani wako. Mtoto anayeanza halijui hilo. Yeye anaona mpira wowote unaofikika ni wa kupiga, anakata hewa mara tatu, anakaa chini, na wiki inayofuata haji mazoezini.

MTOTO WA UWANJA WA MTAANI

Ted alizaliwa San Diego, California, Agosti 30, 1918. Mama yake, May, alikuwa mfanyakazi wa Jeshi la Wokovu mwenye asili ya Mexico kwa upande wa wazazi wake. Alitumia siku nyingi mitaani akihubiri na kuchangisha kwa ajili ya maskini. Baba, Samuel, alikuwa na kiduka cha kupiga picha. Nyumbani mara nyingi hakukuwa na mtu, Ted na mdogo wake Danny wakibaki wenyewe mpaka usiku.

Kilichomlea ni uwanja wa mtaani wa North Park, hatua chache kutoka kwao. Pale kulikuwa na msimamizi aitwaye Rod Luscomb, kijana aliyewahi kucheza mwenyewe. Luscomb alimrushia mipira, siku baada ya siku, mpaka taa za uwanja zilipozimwa.

Watu wengi wakisikia habari za Ted Williams wanakimbilia macho yake. Ni kweli alikuwa na macho makali, vipimo vya jeshi vilionyesha hivyo. Zikatungwa na hadithi kwamba aliweza kusoma maandishi kwenye santuri inayozunguka. Mwenyewe alizikataa. Kwake siri ilikuwa mazoezi na nidhamu ya kuchagua. Mpira aliokwisha kuuona mara elfu kadhaa pale North Park haukuwa mgeni tena kwake.

Mwaka 1936, akiwa na miaka 17, akaingia timu ya kulipwa ya mji wake, San Diego Padres. Boston Red Sox wakamnyakua, na mwaka 1938 wakampeleka Minneapolis akakomae. Huko akakutana na Rogers Hornsby, mpigaji mkubwa wa zama za nyuma, aliyekuwa pale kufundisha. Hornsby alimpa somo moja fupi: kazi ya kwanza ya mpigaji ni kupata mpira mzuri wa kupiga.

Neno dogo, lakini Ted aliliwekea maisha yake yote.

SIKU YA MWISHO YA MSIMU WA 1941

Alipanda Boston mwaka 1939 na kuwasha moto tangu siku za mwanzo. Lakini mwaka ambao haufi ni 1941.

Mpigaji wa besiboli hupimwa kwa wastani: kati ya mara alizokwenda kupiga, ni mara ngapi alipiga akafika besi salama. Mara tatu kati ya kumi ni mpigaji mzuri kabisa. Mara nne kati ya kumi kwa msimu mzima ni kitu ambacho wengi hawajakiona maishani mwao.

Asubuhi ya Septemba 28, 1941, Boston walibakiza mechi mbili za siku moja ugenini, Philadelphia. Ted alikuwa amefaulu mara 179 kati ya 448, sawa na asilimia 39.955. Ukizungusha hesabu, ingeandikwa asilimia 40 na rekodi ingekuwa yake. Kocha wake, Joe Cronin, alimwachia uamuzi: akitaka akae benchi, namba yake iwe salama.

Jamaa aligoma kukaa. Aliona rekodi ya kulindwa benchini siyo rekodi. Mechi ya kwanza akapiga 4 kati ya 5. Ya pili 2 kati ya 3. Siku ikaisha akiwa na asilimia 40.6. Alikuwa na miaka 23. Tangu siku ile hakuna mpigaji mwingine wa American League wala National League aliyevuka 40 kwa msimu mzima.

Namba nyingine za mwaka ule ndizo za kumwonyesha mtoto. Alitembea bure mara 147. Alitolewa kwa straiki tatu mara 27 tu. Yaani mtu aliyekuwa na nguvu ya kupiga homurani 37, zile zinazoruka nje ya uwanja, ndiye huyohuyo aliyeacha mipira mingi ipite bila kuigusa. Nguvu yake haikumfanya awe na pupa.

VITA VIKAMCHUKUA MARA MBILI

Misimu ya 1943, 1944 na 1945 hakucheza kabisa. Alikuwa jeshini, rubani na mwalimu wa marubani. Alirudi 1946 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Mwaka 1952 akaitwa tena, safari hii vita vya Korea. Februari 1953 ndege yake ilipigwa, akaitua kwa tumbo huku ikiwaka moto, akatoka mzima. Alikamilisha safari 39 za vita.

Piga hesabu mwenyewe: karibu miaka mitano ya ubora wake iliishia angani. Na bado alistaafu na homurani 521.

LAWAMA ZA BOSTON

Sasa msidhani huyu mtu alipendwa na kila mtu. Boston walimzodoa, na magazeti ya mji yalikuwa yanamsubiri akosee. Mwenyewe naye hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na mwaka 1956 alipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwatemea mate mashabiki. Kuvua kofia kuwashukuru watazamaji alikataa kwa miaka mingi.

Lawama nzito zaidi ilihusu eneo la straiki lenyewe. Ilikuwa hivi. Mwenzake yuko besi ya tatu, bao linanukia, Ted yuko kwenye bamba. Mrushaji anamuogopa, anatupa mpira sentimita mbili au tatu nje ya eneo. Unafikika. Angeunyoosha kidogo angeugusa, na pengine bao lingepatikana. Yeye anauacha, anatembea besi ya kwanza, kazi anamwachia anayefuata.

Watu walikasirika. Ty Cobb, gwiji wa zamani, alikuwa miongoni mwa waliomkosoa. Walisema nyota wa timu hana haki ya kutembea wakati timu inataka bao. Walisema anatunza wastani wake. Ni sawa na shabiki wa soka anayemfokea straika aliyetoa pasi ndani ya boksi badala ya kupiga. Fainali za 1946 dhidi ya St. Louis Cardinals zilipopotea, Ted akiwa amefaulu mara 5 tu kati ya 25, maneno yakawa mengi zaidi. Hakupata fainali nyingine tena maishani.

Hoja yao haikuwa ya kijinga. Kuna siku timu inahitaji mtu ajitose. Lakini jibu lake nalo lilikuwa na hesabu ndani. Ukimkubalia mrushaji sentimita tatu leo, kesho atakupa sita. Akishajua unafuata mipira ya nje, hatakuletea mzuri tena. Unakuwa umempa goli kubwa kuliko lile la sheria.

Na msimamo huo ulimgharimu kweli. Mwaka 1954 alimaliza na wastani wa asilimia 34.5, juu ya wote. Taji akapewa Bobby Avila wa Cleveland mwenye 34.1. Kisa? Sheria ya wakati huo ilitaka mpigaji afikishe mara 400 rasmi za kupiga, na kutembea hakukuhesabiwa. Ted alikuwa ametembea mara 136, akabaki na 386. Kama angefukuzia mipira mibovu angekuwa bingwa. Baadaye sheria ilibadilishwa, kila safari kwenye bamba ikaanza kuhesabiwa.

Mwaka 1957 akarudi na asilimia 38.8 akiwa anatimiza miaka 39, umri ambao wengine wameshafungua baa. Mwaka uliofuata akachukua taji la wapigaji tena.

Leo hesabu za mchezo zimebadilika na zimempa haki yake. Kinachoangaliwa sana siku hizi ni mara ngapi mtu anafika besi kwa njia yoyote, iwe kwa kupiga au kutembea. Kwa maisha yake yote, Ted alifika mara 48 kati ya kila 100. Hakuna aliyemzidi.

MIPIRA 77

Alipostaafu aliandika kitabu cha kupiga, kikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alisaidiwa na mwandishi John Underwood. Ndani yake kuna picha ambayo makocha wanaitumia mpaka leo.

Alilichukua eneo la straiki akalijaza mipira. Saba kwa upana, kumi na moja kwa kimo, jumla 77. Kila mpira akauandikia namba: kama mrushaji angemtupia pale kila mara, wastani wake ungekuwa asilimia ngapi. Katikati, usawa wa kiuno, akajipa 40. Pembeni kabisa chini, mbali na mwili, akajipa 23.

Hebu fikiria. Mpigaji huyu mkubwa anakiri hadharani kwamba kuna kona za eneo lake mwenyewe ambazo yeye ni wa kawaida tu.

Hapo kuna somo la pili, zaidi ya straiki na boli. Ndani ya eneo pia kuna mpira mzuri na mpira mbaya. Ukiwa huna straiki hata moja, huna sababu ya kukimbilia ile kona ya 23. Subiri wa katikati. Straiki zikishafika mbili, hapo huna ujanja: shika rungu juu kidogo, fupisha mkato, linda eneo zima.

Akapima na hasara ya pupa. Mpigaji anayefukuzia mipira iliyo sentimita tano tu nje, pande zote, amelipanua eneo la mrushaji kwa zaidi ya theluthi moja. Mlinda mlango gani anaongeza upana wa goli lake mwenyewe?

JE, LINAFUNDISHIKA?

Wapo wanaosema kuchagua mpira ni kipaji, unazaliwa nacho. Ted alipata nafasi ya kuwajibu mwaka 1969, alipokabidhiwa timu ya Washington Senators kama kocha mkuu.

Alimkuta pale Frank Howard, pande la mtu lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lenye kupiga homurani za kutisha na kukata hewa vilevile. Msimu wa 1968 Howard alitolewa kwa straiki mara 141 na kutembea mara 54. Ted akamweka chini. Akamtaka aache kurukia mpira wa kwanza, autazame kwanza.

Msimu wa 1969 Howard akatembea mara 102. Kutolewa kwa straiki kukashuka mpaka 96. Je, homurani zilipungua kwa kusubiri? Wapi! Zilipanda kutoka 44 hadi 48. Timu iliyoshinda mechi 65 mwaka uliotangulia ikashinda 86, na Ted akatajwa kocha bora wa ligi.

Howard wakati huo alikuwa ametimiza miaka 30 na ushee. Kama mtu mzima mwenye tabia zilizokwisha kukomaa alibadilika kwa msimu mmoja, mtoto wa darasa la tano anashindwaje?

FITO MBILI NA KAMBA

Turudi nyumbani sasa. Mwalimu wa michezo wa Mbulu au Hanang akitaka kuwaonjesha wanafunzi wake besiboli, asianze kwa kutafuta marungu na glavu. Somo la kwanza halina gharama.

Chora bamba chini kwa majivu au chokaa, upana sentimita 43. Simika fito mbili nyuma yake, moja kila ukingo. Funga kamba moja usawa wa chini ya goti la mtoto na nyingine usawa wa katikati ya mabega na kiuno. Goli lisiloonekana sasa linaonekana. Mrushaji mpeleke mita 14, ndio umbali wa watoto kwenye Little League, na mpira uwe laini, wa tenisi au wa soksi. Mpira mgumu unahitaji kofia ngumu kichwani, usicheze nao.

Mtoto asimame pembeni ya bamba, mikono mitupu. Mpira ukirushwa, kazi yake ni kutamka tu, straiki au boli, kabla haujafika kwenye kamba. Mwenzake nyuma ya fito anathibitisha. Rusha ishirini, hesabu amepatia mangapi. Kesho yake rudia. Vijana wanapenda mashindano, na hili ni shindano lenye matokeo.

Akishapatia mengi kuliko anayokosa, toa kamba ya juu. Kisha ya chini. Kisha fito. Goli libaki kichwani mwake.

Hapo ndipo mpe rungu, tena kwa masharti: mpira wa usawa wa kiuno, katikati ya bamba, huo tu ndio apige. Mingine yote aache, hata kama ni straiki. Akiuzoea huo, mpanulie. Mwisho mfundishe mchezo wa straiki mbili, wa kulinda kona zote.

Kitu kingine cha kukumbuka: kamba zipande na kushuka kwa kila mtoto. Eneo la mrefu wa kidato cha tatu siyo la mfupi wa darasa la tano. Mwaka 1951 timu ya St. Louis Browns ilimwingiza Eddie Gaedel, mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 109. Eneo lake lilikuwa dogo mno, mrushaji wa Detroit akatupa boli nne mfululizo, Gaedel akatembea. Uwanja mzima ulicheka, lakini sheria ilikuwa upande wake.

Na mwamuzi je? Anakosea kama refa wa soka anavyokosea. Ligi kuu ya Marekani imeidhinisha mfumo wa kamera wa kupinga uamuzi kuanzia msimu wa 2026, ndugu yake VAR. Ila kwa kijana wetu kamera haitakuwepo. Ted, pamoja na hasira zake zote kwa magazeti, alikuwa nadra kugombana na waamuzi. Aliona muda wa kulalamika ni muda wa kumsoma mrushaji.

SAFARI YA MWISHO

Septemba 28, 1960, miaka 19 kamili tangu ile siku ya Philadelphia, Ted alikwenda kwenye bamba la Fenway Park kwa mara ya mwisho. Watazamaji walikuwa 10,454 tu. Mrushaji alikuwa Jack Fisher wa Baltimore, kijana.

Mpira wa kwanza ulikuwa mbaya. Akauacha. Wa pili akaukata akakosa. Wa tatu ukaingia kwenye kipande chake, akaupeleka nje ya uwanja. Homurani ya 521. Akazunguka besi kichwa chini, akaingia ndani, na kofia hakuvua, pamoja na kelele zote za kumwita.

Mwaka 1966 aliingizwa kwenye Jumba la Magwiji. Siku hiyo alitumia sehemu ya hotuba yake kuwasemea wachezaji weusi kama Satchel Paige na Josh Gibson, waliofungiwa nje ya ligi kuu kwa rangi yao, akitaka nao waingizwe. Wengi pale hawakutarajia. Paige aliingizwa 1971, Gibson 1972. Na mwaka 2024, takwimu za ligi za weusi zilipounganishwa na za ligi kuu, Gibson akawa na wastani wa juu kuliko wote katika historia, asilimia 37.2, juu ya 34.4 za Ted mwenyewe.

Ted Williams alifariki Florida, Julai 5, 2002, akiwa na miaka 83. Ameacha kutembea mara 2,021, kila moja ikiwa ni angalau mipira minne aliyoiona vizuri na kuiacha.

Walimu wa michezo, fito zipo na kamba zipo. Anzeni na macho ya mtoto. Rungu litakuja baadaye.